Mshipa, Neva na Kipozauongo: Uhakiki wa Istilahi za Majaribio ya Dawa za Asili

Makala haya yanahusu lugha inayotumiwa kumweleza mwananchi habari za kujaribu dawa itokanayo na mmea, hususan dawa inayodhaniwa kutuliza maumivu ya neva. Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kwamba jambo hili ni la madaktari na wakemia, wala si la watu wa lugha. Sivyo. Dawa ya homa yaweza kupimwa kwa kipimajoto, na dawa ya minyoo kwa darubini, lakini maumivu hayana chombo cha kuyapimia ila maneno ya mgonjwa mwenyewe. Maneno hayo yakifasiriwa vibaya, kipimo nacho huharibika, na matokeo ya utafiti huwa si ya kuaminika hata kama maabara ilifanya kazi yake kwa uangalifu mkubwa.

Nchini Tanzania kazi ya kuchunguza dawa za asili kwa njia ya sayansi si ngeni. Kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, na baadaye kikawa taasisi kamili. Sheria iliyounda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ilipitishwa mwaka 1979. Mwaka 2002 ikatungwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala. Katika muda huo wote maneno yamekuwa yakibadilika: zilizokuwa zikiitwa 'dawa za kienyeji' zikaitwa 'dawa za asili', kisha likaja jina la 'tiba asili'. Mabadiliko hayo yalikuwa ya heshima na yalistahili. Hata hivyo, heshima ya jina haitoshi. Mwananchi anayeombwa kushiriki katika majaribio anahitaji kuelewa atatendewa nini.

Tuliletewa rasimu ya fomu ya ridhaa pamoja na hojaji, iliyofasiriwa kutoka Kiingereza, ili tuisahihishe. Mwenye rasimu hatutamtaja, kwa kuwa makosa yaliyomo si yake peke yake. Ni makosa yetu sote tunaofasiri. Badala ya kuikagua ofisini tu, tuliichukua hadi Makere, katika nyanda za juu za Kigoma, kwenye njia iendayo Kasulu na Kibondo. Tulipachagua kwa sababu lugha ya nyumbani ya wenyeji ni Kiha, na kwa sababu kambi ya Nyarugusu, iliyo karibu, imepokea wakimbizi wa Kongo wanaosema Kiswahili cha kwao tangu mwaka 1996. Fomu inayoeleweka Makere ina matumaini ya kueleweka kwingi. Hayo tuliyoyaona huko ndiyo yaliyotusukuma kuandika uhakiki huu.

Neno 'mshipa'

Swali la kwanza la hojaji lilikuwa: "Je, unaumwa mishipa?" Bibi mmoja mwenye ujuzi wa mitishamba alitutazama, kisha akauliza: "Mwanangu, mshipa upi? Wa damu, wa shingo, au ule wa wanaume?" Watu walicheka, lakini swali lake lilikuwa la kitaalamu kuliko letu. Katika Kiswahili mshipa ni njia ya damu, ni ukano unaokazika shingoni, ni neva, tena ni ngiri. Katika Kirundi, ndugu na jirani wa Kiha, neno 'umutsi' nalo hubeba zaidi ya maana moja kati ya hizo. Kwa hiyo anayeuliza "unaumwa mishipa?" atakusanya katika orodha moja mwenye ngiri, mwenye shingo iliyokakamaa, mwenye miguu iliyovimba, na yule mmoja aliyekuwa akitafutwa.

Wafasiri wengi hukimbilia 'mshipa wa fahamu'. Istilahi hii imeenea, nasi hatuipingi katika vitabu vya shule. Lakini kwa mgonjwa ina kasoro. Fahamu ni akili na utambuzi. Aliyezimia husemwa kuwa amepoteza fahamu. Mtu anayeambiwa kuwa ana ugonjwa wa mishipa ya fahamu hudhani amehesabiwa miongoni mwa wenye maradhi ya akili, na huenda akakataa kushiriki. Kwa sababu hiyo twaona neno 'neva', ingawa ni la kukopa, ndilo lifaalo katika maandishi ya utafiti. Lina maana moja tu, na limekwisha kuzoeleka. Lakini lisitumiwe kumwuliza mgonjwa. Mgonjwa aulizwe anavyohisi, na neva ziachiwe mtaalamu azitafute.

Hapa yafaa tusifu neno moja ambalo halikutungwa na kamati yoyote. Ugonjwa ambao vipele vyake hujitokeza upande mmoja wa mwili, kama ukanda ubavuni, wananchi wameuita 'mkanda wa jeshi'. Virusi vya ugonjwa huo hujificha katika mizizi ya neva, na vipele hufuata eneo linalohudumiwa na neva hiyo. Ndiyo maana hujipanga kama mkanda. Baada ya vipele kukauka, wagonjwa wengine, hasa wazee, hubaki na maumivu makali kwa miezi. Jina hili limeshika umbo la ugonjwa bila kukosea. Mfasiri anayelifuta ili aweke jina la Kilatini lililovishwa irabu za Kiswahili hampi msomaji faida yoyote.

Ganzi moja, alama tatu

Zipo hojaji za kimataifa za kubaini maumivu ya neva. Mojawapo ilitungwa Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2005. Ina mambo 10: saba huulizwa mgonjwa, na matatu hukaguliwa kwa kumgusa. Anayepata alama 4 au zaidi huhesabiwa kuwa huenda ana maumivu ya neva. Miongoni mwa mambo saba ya kuuliza kuna hisia tatu zinazokaribiana: kutambaliwa, kuchomwachomwa kama sindano, na kutohisi kitu.

Rasimu tuliyoletewa ilizifasiri zote tatu kwa neno 'ganzi', kwa kubadilisha viambishi tu. Matokeo yake ni rahisi kuyaona. Mtu aliyekalia mguu wake vibaya akajibu ndiyo mara moja, anapaswa kujibu ndiyo mara tatu, na tayari amepata alama tatu. Bado moja tu aingizwe katika majaribio ya dawa ambayo hakuihitaji. Dawa ikijaribiwa kwa watu wa namna hiyo, yaweza kuonekana haifai kumbe inafaa, au inafaa kumbe mguu ulijirudia wenyewe.

Kiswahili hakina umaskini katika jambo hili. Kufa ganzi ni kutohisi. Kuchomwachomwa ni kama sindano. Kutambaliwa ni kama sisimizi wanaotembea chini ya ngozi. Kuwaka moto kunajulikana, na kupigwa shoti kama ya umeme kunaeleweka hata na wasio na umeme majumbani. Tulipozisoma hisia hizo Makere moja baada ya nyingine kwa namna hii, wazee walizitofautisha pasipo taabu. Upungufu ulikuwa wa mfasiri. Lugha ilikuwa na maneno ya kutosha.

Mganga ni nani?

Swali jingine lilikuwa: "Je, umetumia dawa ya mganga katika siku 30 zilizopita?" Lengo lake lilikuwa kuwatenga waliokwisha kutumia mitishamba. Mama mmoja kutoka kambini alijibu ndiyo. Tulipochunguza, tuligundua kwamba alipewa vidonge katika zahanati. Kwa Kiswahili cha Kongo 'munganga' ni tabibu wa hospitali. Jibu lake lilikuwa la kweli, lakini hojaji ingemwandika kinyume.

Wala tusimcheke mama huyo, kwa kuwa sisi wenyewe tunaye Mganga Mkuu wa Serikali, na tunao Waganga Wakuu wa Mikoa na Wilaya, ambao wote ni madaktari. Neno moja linawataja mwenye shahada ya udaktari na mwenye mkoba wa mizizi, na muktadha pekee ndio unaowatenganisha. Katika fomu ya utafiti muktadha hautoshi. Iandikwe 'mganga wa tiba asili' au 'daktari wa hospitali', kila mara, bila kufupisha.

Dondoo au kiziduo?

Kitu kinachojaribiwa chenyewe nacho kina mgogoro wa jina. Rasimu iliita 'dondoo la mmea'. Kudondoa ni kuokota kimoja kimoja, kama kuku adonoavyo punje. Na dondoo ni maneno machache yaliyochukuliwa kutoka katika maandishi marefu. Mwalimu akisikia 'dondoo la mmea' atadhani ni kifungu cha somo la botania. Wengine hupendekeza 'kamuo', lakini si kila dawa hupatikana kwa kukamua. Mizizi huchemshwa, magome hulowekwa katika maji au spiriti, na kinachobaki hukaushwa.

Twapendekeza 'kiziduo'. Kitenzi 'zidua' kimekwisha kupata makazi katika lugha ya serikali: tangu Sheria ya mwaka 2015 ya uwazi katika uchimbaji wa madini, mafuta na gesi, tumezoea kusikia 'tasnia ya uziduaji'. Ikiwa kuyatoa madini mwambani ni kuzidua, kukitoa kiini cha dawa katika gome ni kuzidua pia, na kitu kilichopatikana ni kiziduo. Lakini yafaa kuongeza sharti moja: kiziduo kitajwe pamoja na njia yake. 'Kiziduo cha maji moto' na 'kiziduo cha spiriti' ni vitu viwili tofauti hata vikitoka katika mzizi mmoja, kwa sababu yanayoyeyuka katika maji si lazima ndiyo yayeyukayo katika spiriti. Bibi wa Makere anayechemsha na mkemia anayeloweka katika spiriti hawajaribu dawa moja. Mfasiri akificha tofauti hiyo, amemdanganya bibi kuhusu ujuzi wake mwenyewe.

Jina la mmea nalo litazamwe. Mti uitwao mwarobaini unadai kwa jina lake kwamba unatibu maradhi 40. Ni dai, si uthibitisho. Mmea mchungu uitwao Vernonia amygdalina kwa jina la kisayansi, Watongwe wa Mahale, mkoani Kigoma, huuita mjonso. Mwaka 1987 Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde walimwona huko sokwe mgonjwa aliyeitwa Chausiku akitafuna kiini cha mmea huo, na habari hiyo ikaenea ulimwenguni. Ujuzi wa Mtongwe na jina la kisayansi vilikwenda pamoja katika habari hiyo. Fomu zetu nazo zifanye vivyo hivyo: jina la wenyeji kwanza, la kisayansi lifuate, kwa kuwa jina moja la kienyeji huweza kutaja mimea miwili katika vijiji viwili.

Kipozauongo na upofu

Twafika sasa mahali palipozua ubishi mkubwa zaidi. Ili kujua kama dawa inafaa, watafiti huwapa baadhi ya wagonjwa kitu kinachofanana na dawa lakini kisichokuwa na kiini chake. Baadhi ya wafasiri hukiita 'kipozauongo'. Kwa uundaji wa neno hatuna la kulaumu. Limeungwa kwa ustadi. Lakini liliposomwa katika fomu, mzee mmoja aliuliza: "Kwa hiyo daktari atatudanganya, nasi tuutie dole gumba uongo huo?" Hatukuwa na jibu. Fomu ya ridhaa ni mkataba wa uaminifu, na neno 'uongo' limekaa katikati yake.

Licha ya hayo, neno hilo si sahihi hata kwa sayansi. Chukua mfano wa pilipili. Ukali wake hutokana na kapsaisini, ambayo huamsha ncha za neva zinazohisi joto na maumivu. Ikitumiwa kwa wingi, ncha hizo huchoka na maumivu hupungua. Kwa sababu hiyo ilitengenezwa bandeji yenye kapsaisini asilimia 8, ambayo iliidhinishwa Ulaya na Marekani mwaka 2009. Huko Marekani iliidhinishwa kwa ajili ya maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi. Ilipojaribiwa, watafiti walikabiliwa na tatizo: pilipili huwasha, na asiyewashwa angejua mara moja kwamba hakupewa dawa. Wakawapa wagonjwa wa kulinganishia bandeji yenye kapsaisini asilimia 0.04. Bandeji hiyo ilikuwa na dawa, ila kidogo mno. Je, hiyo ni kipozauongo? Haikuwa uongo, wala haikukusudiwa kupoza. Ilikuwa ya kulinganishia.

Ndiyo maana twapendekeza 'dawa ya kulinganishia' liwe jina la jumla. Pale ambapo kitu hicho hakina kiini chochote, iandikwe waziwazi: 'kitu kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani yake'. Ni maneno mengi, lakini anayeyasikia hahitaji kueleza shaka yake. Wataalamu wakitaka neno fupi baina yao, 'plasebo' lipo.

Kadhalika 'upofu maradufu', linalotumiwa kueleza kwamba mgonjwa na mpimaji wote hawajui nani amepewa nini, ni tafsiri ya neno kwa neno iliyozaa kioja. Msikilizaji mmoja alitaka kujua kama dawa inaharibu macho. 'Usiri wa pande mbili' latosha. Na kuwagawa wagonjwa 'kwa bahati nasibu' kunanukia mchezo wa pesa. 'Kupiga kura' ni desturi ya zamani ya kugawana kwa haki pasipo upendeleo, na ndiyo maana halisi ya kitendo hicho. Mgawo wa kura, basi.

Imepimwa, imejaribiwa, imethibitishwa

Uchunguzi uliofanyika Kampala na kuchapishwa mwaka 1999 unatufaa hapa. Shirika la THETA, lililowaunganisha waganga wa tiba asili na madaktari tangu mwaka 1992, liliwafuatilia wagonjwa wenye virusi vya UKIMWI waliopatwa na mkanda wa jeshi. Baadhi yao walitibiwa na waganga kwa mitishamba, wengine katika kliniki ya TASO. Maumivu yaliwatoka mapema zaidi wale wa waganga. Lakini wagonjwa hawakugawanywa kwa kura, wala hapakuwa na plasebo; kila mmoja alitibiwa pale alipokwenda. Watafiti waliandika hivyo kwa unyofu. Mfasiri wa habari kama hiyo atasemaje? Akiandika 'imethibitishwa', amezidisha. Akiandika 'haijathibitika, kwa hiyo haifai', amepunguza. Lililo sahihi ni 'ilionekana', na maelezo ya sababu za kutosema zaidi.

Gharama ya neno lisilo mahali pake tuliiona mwaka 2011 huko Samunge, Loliondo, ambako Mchungaji Ambilikile Mwasapila, aliyefariki mwaka 2021, alitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Maelfu ya watu walisafiri kumfuata. Anayesikia kwamba dawa 'imepimwa' huweza kuelewa mambo matatu: kwamba uzito wake unajulikana, kwamba haina sumu, au kwamba inaponya. Mkemia akikusudia la pili na mgonjwa akisikia la tatu, mgonjwa aweza kuacha vidonge vilivyokuwa vikimhifadhi. Hapo kosa la istilahi hugeuka kuwa msiba wa nyumba ya mtu.

Kwa hiyo hatua zitenganishwe kwa vitenzi, na kila kitenzi kibaki kwenye hatua yake. Mmea huchunguzwa maabara. Usalama wake hupimwa. Nguvu yake hujaribiwa kwa wagonjwa. Matokeo yakirudiwa na kulingana, huthibitishwa. Mwishoni dawa husajiliwa, na kusajiliwa si lazima kumaanishe kuthibitishwa. Vivyo hivyo 'kupoza' kusichanganywe na 'kuponya'. Aliyepoa na aliyepona wanatofautiana kwa herufi moja tu, lakini wa kwanza bado ana ugonjwa wake. Dawa ya maumivu ya neva aghalabu hupoza, haidai zaidi.

Hoja inayopinga

Watakuwapo watakaosema kwamba tunarefusha fomu, na kwamba afadhali tukope maneno ya kigeni yote tukamaliza kazi. Hoja hiyo ina uzito, nasi tumekubali 'neva' na 'plasebo' tulipoona faida yake. Desturi ya kutunga istilahi nchini mwetu ni kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili, kisha katika lugha za Kibantu na nyingine za Kiafrika, ndipo nje. Lakini mpangilio huo ni njia ya kufikia uelewano. Si amri ya usafi wa lugha. Istilahi ya mtaalamu kwa mtaalamu yaweza kuwa fupi. Istilahi ya mtaalamu kwa mgonjwa haina budi kueleweka, kwa sababu mgonjwa anaweka sahihi kwa ajili ya mwili wake.

Mapendekezo

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa idara zinazohusika wayapime mapendekezo yafuatayo, na watuandikie wakiona kasoro:

Kwanza, 'neva' litumike katika maandishi ya utafiti, na mgonjwa aulizwe hisia zake kwa maneno ya kawaida, kila hisia kwa neno lake. Pili, 'mkanda wa jeshi' libaki kama lilivyo. Tatu, 'mganga' lisiandikwe peke yake katika fomu yoyote. Nne, 'kiziduo' lichukue nafasi ya 'dondoo', likitajwa pamoja na njia ya kuzidulia. Tano, 'dawa ya kulinganishia', 'usiri wa pande mbili' na 'mgawo wa kura' yapewe nafasi ya kujaribiwa badala ya 'kipozauongo', 'upofu maradufu' na 'bahati nasibu'. Sita, vitenzi vitano vya hatua za utafiti vitenganishwe kama tulivyoeleza.

Saba, kila fomu ya ridhaa isomwe kwa sauti kijijini, mbele ya watu ambao haikuandikiwa ofisini, kabla ya kupigwa chapa. Sisi wenyewe tuliikagua rasimu ile mara mbili mezani na hatukuona kosa katika swali la mishipa. Bibi wa Makere aliliona mara ya kwanza alipolisikia.